Meza ya Mama Randa na Vyuma vya Koplo

Mtaani kwetu, mtu akitaka kujua moto wa leo mjini ulikuwa mkubwa kiasi gani, hahangaiki na redio. Anapita mlangoni kwa Mama Randa na kutazama lundo la maranda. Likiishia kwenye kifundo cha mguu, liliungua jiko la mtu. Likifika gotini, liliungua duka. Mara moja tu, miaka miwili iliyopita, lilifika dirishani, na siku hiyo liliungua ghala zima la mbao.

Mama Randa ni seremala. Mumewe, Koplo, ni askari wa zimamoto. Gari likitoka na Koplo yumo, mama huyu huchukua ubao, huubana kwenye jiliwa, kisha huupiga randa mpaka mtu wake arudi. Hapigi simu, haendi kwa jirani kulia. Kuna siku alianza na mguu wa kitanda akamaliza na mpini wa ufagio. Mwenye kitanda alitengenezewa mguu mwingine, na ufagio akapewa kama nyongeza.

Useremala hakufundishwa na mtu. Aliingia karakana ya samani akiwa mfagiaji, na kwa miaka minane alifagia maranda ya wenzake, akiwatazama mikono. Siku moja fundi mkuu alikuwa akigombana na droo iliyokataa kuingia. Mfagiaji akasema, bila kuacha kufagia, "Imezidi nywele mbili upande wa kushoto." Wakacheka. Wakapima. Ilikuwa imezidi nywele mbili upande wa kushoto. Tangu siku hiyo ufagio ukapata mtu mwingine.

Nawaomba mlishike hili kichwani: kipimo cha Mama Randa hakijawahi kukosea. Mlango alioupima unafunga. Kabati aliloahidi kuwa litaingia kwenye kona, linaingia. Afadhali asile kuliko kumpa mtu kipimo cha uongo. Ila vipimo vyake ni vya urefu, upana na kina. Uzito haujui wala hautaki. "Mbao haiuzwi kwa kilo," husema, na kwake mjadala umefungwa.

Sasa basi, mwaka huu, mambo mawili yaliingia nyumbani kwao katika wiki moja. La kwanza, karakana ya hapa mtaani aliyokuwa akipanga na mafundi wenzake iligeuzwa duka la magodoro, akarudi nyumbani na randa zake ndani ya gunia, meza hana. La pili, kikosini kwa Koplo alikuja mkuu mpya, na mkuu mpya alikuja na karatasi mpya. Ilisema kwamba kila askari wa kwenye gari atapimwa nguvu Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Atalala chali kwenye benchi na kusukuma juu chuma cha kilo hamsini, mara nane. Asiyetaka kujaribu ajaze fomu ya kuhamia chumba cha simu.

Koplo ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na tatu kati ya hiyo amekaa juu ya gari lile. Wakati huo ilikuwa mwezi wa tatu.

"Chumba cha simu," alimwambia mkewe, "ni pale mtu anapokaa kuwasikiliza wenzake wakiondoka."

"Si utakuwa umekaa?"

"Nitakuwa nimekaa, ndiyo."

"Kuna kivuli?"

"Kivuli kipo."

"Na chai?"

"Mke wangu, naona umeshanihamisha."

Mama Randa alilitazama sikio la kushoto la mumewe, ambalo tangu siku ya lile ghala limejikunja kama jani lililosahauliwa juani. Boriti ndiyo iliyompata. Mtu mwingine angesema ilikuwa bahati mbaya, lakini seremala anajua boriti inavumilia moto kwa muda gani kabla ya kuachia, na akishajua hivyo, kila king'ora kikilia anaanza kuhesabu.

Kikosini vilikuwepo vyuma halisi, vyenye namba ubavuni. Lakini wenzake wengi ni vijana ambao angeweza kuwazaa, na Koplo hakutaka wamwone akihema. Akaamua kujinoa nyumbani. Nyumbani nafasi ya kufanya jambo lolote ni moja tu, baraza ya nyuma, upana wake hatua nne. Mama Randa alikuwa ameshaipima kwa ajili ya meza ya useremala.

Walibishana siku nzima, kwa heshima, kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba na hakuna anayepita. Mwishowe Mama Randa akachukua penseli.

"Meza itakaa ukutani," akasema. "Chini ya meza pana nini?"

"Hewa."

"Hapo ndipo benchi lako litalala. Ukilitaka unalivuta, ukimaliza unalisukuma ndani kama droo."

Alianza Jumatatu. Miguu minne ya mbao ngumu, unene wa inchi nne kwa nne, iliyounganishwa kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Kimo cha meza akakipata kwa kusimama wima na kuacha mikono ining'inie. Pale kiganja kilipoishia kwenye kifundo cha mkono, ndipo juu ya meza. Meza ikiwa fupi inavunja kiuno, ikiwa ndefu inachosha mabega. Uso wa meza ni mbao tatu za inchi mbili, zimepigwa randa mpaka ukimwaga maji hayajui yaelekee wapi. Jiliwa kalifunga kona ya kushoto, kwa boliti.

Miguu miwili ya upande wa kulia hakuikata. Aliiacha ipande juu ya meza, akaichonga makato mawili kwa patasi, ili chuma cha Koplo kiwe na pa kupumzikia. Benchi lenyewe ni fupi, kimo cha goti, na ubao wake ni mpana kiasi cha kubeba mgongo bila kuzuia mikono. Kisha, bila kuombwa, akafunga vigingi viwili vinene kila upande wa benchi, kidogo tu juu ya kifua cha mtu aliyelala.

"Hivi vya nini?" Koplo akauliza.

"Mikono ikikushinda, chuma kinaangukia hapa. Hakikufikii."

"Huniamini?"

"Kichwa chako nakiamini. Kitu kilichoning'inia juu yake, siamini."

Uzito ulikuwa kazi ya Koplo, kwa kuwa yeye ndiye msomi wa uzito nyumbani mle. Alileta mabomba mawili ya chuma yaliyokuwa yamestaafu kubeba maji, na makopo manne ya rangi: mawili ya lita nne, mawili ya lita kumi. Akachanganya saruji, mchanga na kokoto, akajaza makopo, akasimamisha bomba katikati, siku tatu upande huu, siku tatu upande ule. Yakatoka mabomba mawili yenye vichwa vya zege huku na huku, dogo na kubwa.

"Hesabu yake?" Mama Randa akauliza, kwa sababu hawezi kukaa na kitu kisicho na kipimo.

"Lita moja, kilo moja," Koplo akasema. "Hilo niulize mimi. Gari letu linabeba lita elfu tano, ni tani tano, imeandikwa mlangoni. Dogo ni nne na nne, nane. Kubwa ni kumi na kumi, ishirini. Bomba lenyewe tuseme tano. Kumi na tatu na ishirini na tano."

"Mbona dogo linavuta mkono hivi?"

"Zege halitikisiki. Kitu kisichotikisika huwa kizito mkononi. Maji yanakusaidia."

Mama Randa akaona hiyo ni elimu ya kikosi, akaiheshimu. Akachukua penseli na kuandika kwenye makopo: 13, 25.

Koplo akaanza. Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, kama karatasi ya mkuu ilivyoelekeza. Nyayo chini, zisicheze. Mabega yabanwe nyuma kama mtu anayeshika penseli kwa mgongo. Shusha chuma polepole mpaka kikaribie kifua, kisha sukuma, pumzi itoke ukisukuma. Siku ya kwanza alilisukuma dogo mara sita akalala palepale akitazama bati.

"Kilo kumi na tatu," aliliambia bati.

Dada yake, ambaye ni wifi wa Mama Randa na hupita kila Jumapili kukagua ndoa ya kaka yake, alilikuta zoezi limepamba moto.

"Wifi, huyu anaumwa?"

"Anafanya mazoezi."

"Ya kuzaa?" Akasogea, akayasoma makopo. "Kumi na tatu! Kaka, mimi ndoo ya lita ishirini naibeba kichwani kila siku, na njiani naongea."

"Ijaribu basi wewe," Koplo akasema kutoka chini.

"Mimi mgongo unanisumbua."

Mgongo wa wifi ni mgongo wenye adabu. Humsumbua palipo na kazi tu.

Hata hivyo, haba na haba. Mwezi wa nne Koplo aliliacha dogo akalihamia kubwa. Lilimbana siku ya kwanza, likaangukia vigingi, na vigingi vikalishika bila kelele kama vilivyoagizwa. Mwezi wa tano akalisukuma mara tatu, kisha tano. Mikono ya shati ikaanza kumlalamikia. Katikati ya mwezi wa sita alifika mara nane, akainuka, akaenda kujitazama kwenye kioo cha kunyolea. Akarudi akakaa kwenye benchi.

Maana mtu akisukuma ishirini na tano mara nane kwa miezi mitatu na nusu ya jasho, hamsini ataipata lini? Alipiga hesabu. Ilimpa mwezi wa kumi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alirudi na fomu ndani ya bahasha, akaiweka juu ya meza ya useremala, mbali na gundi.

"Ijumaa asubuhi naikabidhi. Akipita mnunuzi wa vyuma chakavu, mpe hayo mabomba."

"Yote?"

"Hata makopo. Sitaki kuyaona."

Mama Randa akasema sawa. Alipiga pasi sare ya mumewe siku hiyo akiimba, jambo ambalo sisi majirani tuliliona, kwa sababu huwa haimbi.

Jumanne mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni wake. Ni mtu mrefu, mpole, anayezungumza na vyuma kuliko na watu. Alitoa mzani wake wa ndoano, akautundika kwenye mti aliouweka kati ya ile miguu miwili mirefu ya meza, wakasaidiana na Mama Randa kuliinua bomba kubwa na kulining'iniza kwa kamba. Mnunuzi akakodoa macho.

"Hamsini na tatu na nusu. Zege si chuma, nalitoa. Makopo haya yana kilo ngapi?"

"Kumi, na kumi."

"Basi bomba lina kilo thelathini na tatu na nusu." Akaligonga kwa ukucha. Akachungulia tundu lake. "Mama, humu ndani mmeficha nini?"

"Hamna kitu. Bomba ni kilo tano. Mzani wako unadanganya."

Mnunuzi hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepima kama aseme siri ya kazi au la.

"Mama, mimi nanunua. Mzani wa mnunuzi ukidanganya, unadanganya kwa kupunguza."

Mama Randa naye akaligonga bomba.

"Nani kakwambia kopo la lita kumi ni kilo kumi?" mnunuzi akauliza.

"Mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Zimamoto."

"Aaa," mnunuzi akasema, na ilionekana kwake jambo limeeleweka. "Hiyo ni ya maji, mama. Zege kwa lita moja linapita kilo mbili. Haya makopo ni ishirini na tatu, ishirini na nne kila moja. Huyo mumeo analifanyia nini?"

"Analisukuma. Mara nane."

Mnunuzi akalitazama benchi, akamtazama Mama Randa, akaanza kukunja kamba yake. "Nisalimie," akasema.

"Mabomba siuzi tena."

"Nilidhani hivyo."

Jioni Koplo akayakuta mabomba pale pale. Mkewe akamwambia hawakuelewana na mnunuzi. Ilikuwa kweli kabisa: hawakuelewana kuhusu uzito.

Basi tazameni mwanamke huyu alivyokaa Jumatano nzima. Mkononi ana neno moja ambalo akilitoa, mumewe anarudi chini ya maboriti. Akilimeza, Ijumaa mumewe anakwenda kukaa kivulini na chai, mpaka kustaafu, na masikio yaliyobaki. Alikuwa amelitamani hilo kwa miaka miwili, na sasa limekuja lenyewe, kwa hiari ya mwenye mwili, bila yeye kulisukuma. Hakulazimika kudanganya. Alitakiwa kunyamaza tu.

Jumatano ile hapakuwa na moto mahali popote mjini. Lundo la maranda mlangoni pake lilifika gotini. Jirani mmoja alikuja kuuliza ni duka la nani.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Koplo akatoa fomu, akaitandaza juu ya meza, akaomba penseli. Mama Randa akamtolea ile ya nyuma ya sikio. Koplo akajaza jina, cheo, miaka ya kazi. Anaandika polepole, kwa herufi za kusimama, kama mtu anayejenga uzio. Alipofika palipoandikwa "Sababu za kuomba kuhama" akatulia. Kisha akaandika: UDHAIFU WA

"Unaandika nini hapo?" Mama Randa akauliza.

"Udhaifu wa mwili."

"Futa."

"Kwa nini?"

"Si kipimo sahihi."

Koplo akaiweka penseli. "Fundi, hii si droo."

"Bomba kubwa ni kilo hamsini na tatu na nusu. Lita ni kilo kwa maji. Zege linazidi mara mbili. Mnunuzi alilipima kwenye mzani wake, na mzani wake unapunguza."

Koplo alikaa akilitazama bomba. Midomo ilikuwa ikicheza, anahesabu. Alihesabu mara mbili.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua kuwa leo ni Alhamisi."

Kuku wa jirani alipita barazani, akaona hali, akarudi alikotoka.

"Jumatano yote ulikuwa umenyamaza," Koplo akasema.

"Nilikuwa napiga randa."

"Kwa hiyo ulitaka niende kwenye simu."

"Nilitaka. Na sasa hivi nataka." Akaisogeza fomu mbele yake. "Ukitaka kuhama, hama. Lakini usiandike udhaifu, kwa sababu si kweli, na imeandikwa kwa penseli yangu. Andika, mke wangu anaogopa. Hicho ndicho kipimo."

Koplo akaisoma fomu tena, juu hadi chini, kwa uaminifu.

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo," akasema.

"Basi huna sababu."

Ijumaa Koplo alikwenda kikosini bila bahasha. Mama Randa alibaki na ubao wa mlango wa choo cha mteja, na nawaambieni, mlango ule ni mwembamba mpaka leo.

Koplo alirudi saa nane mchana. Alinawa, akavuta benchi kutoka chini ya meza, akalikalia, kwa kuwa pale barazani ndicho kiti cha karibu.

"Nimeisukuma mara tisa," akasema.

"Walitaka nane."

"Mkuu alipoteza hesabu, nikaona aibu kumsahihisha. Akaniuliza nimefanyia wapi mazoezi. Nikasema kwa mke wangu. Vijana wakacheka."

"Wacheke tu. Kwa hiyo uko kwenye gari."

"Niko kwenye gari." Akajikuna lile sikio. "Kisha mkuu akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikasema lipo. Nikamwambia, mke wangu anaogopa."

Mama Randa aliacha kupiga randa. "Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Safari hii hawakucheka."

"Akasemaje?"

"Akasema hata wa kwake anaogopa, sema hana randa. Halafu akaniuliza kama naiweza pampu. Ile valvu yake kubwa imekaza, inataka mtu mwenye kifua, huwa wanaisukuma wawili. Nikaisukuma peke yangu. Kuanzia Jumatatu mimi ndiye mtu wa pampu. Mtu wa pampu anabaki nje, na gari."

"Nje kabisa?"

"Nje kabisa. Natazama mita ya maji na kuwaambia waliomo ndani zimebaki lita ngapi."

"Lita," Mama Randa akasema.

"Za maji," Koplo akasema haraka.

Mama Randa akachukua penseli nyuma ya sikio, akaenda kwenye makopo, akafuta 25 kwa kidole chenye mate. Akaandika 53½. Akatafakari, akafuta na ile 13, akaacha pakiwa wazi, maana dogo halijapimwa. Ile fomu aliigeuza nyuma na kuchora kabati la wifi.

Sasa hivi gari likitoka bado anapiga randa. Wiki iliyopita liliungua duka la viatu, ghorofa mbili, moshi tuliuona toka huku. Nilipopita mlangoni pake lundo lilikuwa limefika kifundoni, na Koplo, aliyerudi akinuka mpira ulioungua, alikuwa ameushika ufagio akilifagia. Sisi tuliozoea kuokota maranda yake ya kuwashia moto tumeanza kuona upungufu. Nilimwuliza Mama Randa kama ameacha kuogopa.

"Sijaacha," alisema, akipuliza vumbi kwenye randa. "Imepungua nywele mbili."